Kaka amejumlisha tezi za baba, amepata kumi na moja

BARUA

Shikamoo Daktari.

Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Dodoma mjini, nyumbani kwetu ni Hombolo. Naomba unijibu mapema, maana familia yetu ilipofika sasa hata kukaa pamoja kula ni shida.

Baba ana miaka 64. Analima zabibu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu kule Iramba, Singida, kabla ya kurudi nyumbani kuoa. Sigara amevuta miaka mingi. Anasema ameacha, lakini mama akifua koti lake la shambani bado anakuta kiberiti mfukoni.

Mwaka jana alianza kukohoa. Kwenye kituo cha afya walimpima makohozi, hawakuona kitu, ila kwa jinsi picha ya kifua ilivyoonekana wakamwanzishia dawa za TB. Alimeza miezi sita yote, mama akimsimamia kila asubuhi. Kikohozi hakikuisha. Akaanza kupungua, mkanda ukatobolewa tundu jipya. Ndipo tukamleta mjini akapigwa picha ya CT.

Majibu nayanakili kama yalivyo. Uvimbe wa sm 3.8, pafu la kulia, sehemu ya juu. Tezi zimevimba: 4R sm 1.6, na 7 sm 1.2. Baadaye walimchoma sindano kifuani wakatoa kinyama kwenye ule uvimbe wa pafu, maabara wakasema ni adenokasinoma, aina moja ya kansa ya mapafu. Mwisho daktari akaandika cT2aN2M0, hatua IIIA, akasema kwa kuwa imeshafika kwenye tezi tutapewa rufaa ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Nje kulikuwa na foleni ndefu, tukatoka bila kuuliza chochote.

Nyumbani kaka mkubwa alichukua karatasi akajumlisha: nne za kulia, na saba, jumla tezi kumi na moja zina kansa. Kisha akaingia mtandaoni, akatoka na jibu kwamba kansa ya mapafu ikishaingia kwenye tezi mtu ana miezi sita. Anasema kuuza shamba ni kumpeleka baba Dar akafie ugenini na sisi tubaki mikono mitupu. Baba mdogo anataka apelekwe kwa mzee mmoja wa miti shamba upande wa Kondoa, anadai ametibu wengi. Mama analia tu.

Baba mwenyewe ameambiwa ana nimonia sugu. Bado anaamka alfajiri kwenda kwenye zabibu, anapogoa mwenyewe, ila akipanda mwinuko kidogo anasimama apumue. Juzi aliniuliza, "Mbona mkiniona mnanyamaza?" Nikajifanya simu inaita.

Daktari, kweli tezi zikishaguswa ndiyo basi tena? Baba ana muda gani? Tuuze shamba au tusiuze? Na tumwambie?

Binti wa Hombolo

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mama naye mfikishie pole.

Hesabu ya kaka tuivunje kwanza, kwa sababu hofu ya nyumba nzima imejengwa juu yake. 4R na 7 si idadi ya tezi. Madaktari wa kifua wanatumia ramani moja iliyogawa tezi za ndani ya kifua katika vituo 14, na kila kituo kina namba yake. Kituo cha 4 kiko kando ya bomba la hewa, kwa chini, na R inaonyesha upande wa kulia. Kituo cha 7 kiko chini ya njia panda, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda pafu la kulia na la kushoto. Karatasi inasema tezi zimevimba katika vituo viwili. Basi. Hiyo kumi na moja ifuteni kabisa, na kaka asionewe, maana karatasi zetu za hospitali zimeandikwa kana kwamba atakayezisoma ni daktari mwenzetu tu.

Hiyo N2 nayo ina maana yake. T2a inaeleza ukubwa wa uvimbe wa pafu, N inaeleza tezi. Pafu hutoa majimaji yanayoitwa limfu. Yanapita kwenye mishipa myembamba, yanachujwa kwenye tezi moja baada ya nyingine, kisha yanarudi kwenye damu. Chembe za saratani zikibanduka kwenye uvimbe hufuata njia hiyohiyo na kukwama kwenye tezi, na zikipata nafasi huzaliana humo. Tezi za karibu kabisa zimo ndani ya pafu na kwenye shina lake. Saratani ikiishia hapo tunaandika N1. Ikisogea hadi tezi za katikati ya kifua, upande uleule wa uvimbe au chini ya njia panda, tunaandika N2. Ikivuka hadi upande wa pili wa kifua, au ikapanda hadi juu ya mfupa wa mtulinga, ni N3. N0 ni pale tezi zote zilipo safi.

Kadiri saratani ilivyosogea kwenye tezi za mbali, ndivyo uwezekano wa kuishi miaka mingi unavyopungua. Hilo ni kweli, na sitakudanganya. Sababu ni mbili na zinakwenda pamoja. Tezi za katikati zimekaa jirani na mishipa mikubwa ya damu, bomba la hewa na umio, hivyo kuziondoa zote kwa kisu na kubaki salama ni kazi ngumu. Na chembe zilizoweza kufika huko, huenda wenzao wameshapita kwenye damu wakajificha kwenye mfupa, ini au ubongo, wadogo mno kuonekana kwenye picha yoyote. Ndiyo maana N2 mara nyingi haitibiwi kwa upasuaji peke yake. Inataka na dawa zinazozunguka mwili mzima.

Tuje kwenye takwimu zenyewe, maana kaka ameshaleta zake. Toleo la nane la mfumo huu wa kupanga hatua za saratani ya mapafu lilitumia wagonjwa waliogunduliwa kati ya mwaka 1999 na 2010, wengi wao wa Asia, hasa Japani, na wa Ulaya. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopangiwa hatua kwa vipimo vya kabla ya upasuaji, waliokuwa hai baada ya miaka mitano ni 60 kwa N0, 37 kwa N1, 23 kwa N2 na 9 kwa N3. Kwa waliofanyiwa upasuaji, tezi zao zikatazamwa kwa hadubini, ni 75, 49, 36 na 20.

Soma tena hiyo ya N2. Ishirini na watatu kati ya mia walifika miaka mitano, maana yake sabini na saba hawakufika. Ni ugonjwa mkali. Lakini miezi sita ya kaka haimo humo. Mara nyingi namba za namna hiyo mtu huzitoa kwa wagonjwa ambao saratani imeshafika ubongoni na kwenye ini, au ambao hawakupata tiba yoyote, halafu akambandika kila mwenye tezi.

Umeuliza baba ana muda gani. Kwa karatasi hii hakuna daktari anayeweza kukujibu, na anayekutajia mwezi na mwaka usimwamini. Baba yako ni mkulima wa Dodoma, anajua wastani wa mvua huko ni milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na anajua pia kwamba wastani huo haujawahi kumwambia mwaka huu atavuna nini. Hizo 23 na 77 ndivyo zilivyo. Zinasaidia kuchagua tiba ya kundi. Wagonjwa hao walipata vipimo na matibabu ambayo kwetu si kila mtu anayapata, na hilo linashusha matumaini kidogo. Kwa upande mwingine, waliugua kabla ya dawa kadhaa mpya kuingia, na hilo linayapandisha.

Sasa turudi kwenye karatasi yako, kwenye kitu ambacho nadhani hakuna aliyekieleza pale nyumbani. Ile herufi ndogo c mwanzoni mwa cT2aN2M0 inasema kwamba hatua hii imepangwa kwa vipimo vya nje, kabla ya upasuaji. Na kwa maelezo yako, kinyama kilichochukuliwa ni cha uvimbe wa pafu tu. Tezi hazijachomwa sindano. Yaani tunajua kwa hakika kwamba kwenye pafu kuna saratani. Kwenye tezi tunajua tu kwamba zimevimba.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye CT, tezi inatiliwa shaka ikizidi milimita 10 kwa kipimo cha upana wake mfupi. Kipimo hicho kinakosea pande zote mbili. Katika tezi ambazo CT inaziita za saratani, takribani 40 kati ya 100 zikichunguzwa zinakutwa hazina. Na katika zile inazoziita safi, takribani 20 kati ya 100 zinakutwa nazo. Hizo ni hesabu za nchi ambazo TB ni chache. Sasa mtazame baba yako. Ametibiwa TB miezi sita, iwe alikuwa nayo au hakuwa nayo. Amevuta vumbi la mwamba kwenye mashimo ya Iramba, na vumbi la namna ile, lenye madini ya silika, huvimbisha tezi hizohizo za katikati ya kifua na linaweza kuziacha zimevimba maisha yote. Vumbi hilohilo, pamoja na sigara, linaongeza hatari ya saratani ya mapafu, kwa hiyo sishangai kuona vyote viwili kwa mtu mmoja. Tezi yake moja ina sm 1.2, imepita mstari kidogo tu.

Sisemi tezi zake ni safi. Kwa uvimbe wa karibu sm 4, uwezekano kwamba saratani imefika huko ni mkubwa na mimi mwenyewe ningeanza na shaka hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu asinyimwe upasuaji, wala shamba lisiuzwe, wala watu wasianze kugawana urithi, kwa sababu ya tezi ambayo hakuna aliyeichoma sindano. Swali la kwanza mtakalouliza mkifika kwa daktari bingwa liwe hili: "Tezi hizi zimethibitishwa kwa kinyama? Kama bado, zitathibitishwa vipi?"

Njia zipo. Iliyo nyepesi kwa mgonjwa ni kamera ya kuingia kwenye bomba la hewa yenye ultrasaundi kwenye ncha, daktari anaiona tezi ng'ambo ya ukuta na kuichoma sindano palepale. Vituo vyote viwili vya baba yako vinafikika kwa njia hiyo. Pasipo na mashine hiyo, madaktari wa upasuaji wa kifua wanaweza kupitisha kamera kwenye kitobo kidogo juu ya mfupa wa kidari. Na kuna jambo dogo lisilo na gharama: ulizeni kama kuna aliyempapasa baba shingoni, juu ya mtulinga, pande zote mbili. Kukiwa na kitezi kigumu pale, sindano ya kawaida inatosha kutoa jibu, na jibu hilo linaweza kubadilisha hatua nzima kuwa N3. Nimeona wagonjwa wanaopigwa picha za gharama huku kitezi kimekaa chini ya kola ya shati.

Tezi zikikutwa safi, ugonjwa unarudi hatua IB na mlango wa upasuaji unafunguka, ikiwa pumzi yake inaruhusu. Zikikutwa na saratani, ni muhimu kujua kama ni kituo kimoja au viwili. Toleo la tisa la mfumo wa hatua, linalotumika tangu Januari 2025, limeigawa N2 kwa sababu hiyohiyo: wenye kituo kimoja wanafanya vizuri kuliko wenye vituo viwili na zaidi. Kwa ukubwa wa uvimbe wa baba, kituo kimoja ni IIIA, viwili ni IIIB. Msiogope mkikuta Dar wameandika IIIB ilhali Dodoma waliandika IIIA; huenda hakuna kilichoongezeka mwilini, ni toleo tu limebadilika.

Tuchukue basi kwamba ni N2 ya kweli, vituo viwili, na haifai kupasuliwa. Tiba yake ya msingi ni mionzi na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kwa pamoja. Mionzi inapigwa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi, kila siku dakika chache, mtu anarudi alipofikia. Kemo inapita kwenye dripu ndani ya kipindi hichohicho. Ni tiba nzito. Katikati yake chakula kinachoma kikipita kooni, na uchovu unamlaza mtu mchana. Lakini lengo lake ni kuponya, na hapo ndipo miezi sita ya kaka inapoanguka kabisa. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa wa hatua ya tatu wasiofaa upasuaji, ambao walimaliza mionzi na kemo bila ugonjwa kuongezeka. Kundi moja walipewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo durvalumab kwa mwaka mmoja, na kundi la pili hawakupewa. Baada ya miaka mitano walikuwa hai takribani 43 kati ya 100 kwa waliopewa. Na wasiopewa, wenye mionzi na kemo peke yake, ni 33 kati ya 100. Hao walichaguliwa, walikuwa na nguvu zao na tiba ilikuwa imeshawakubali, kwa hiyo usiichukue 33 ukaibandika kwa baba. Ichukue kama ushahidi kwamba kwa hatua hii wapo wanaovuka, hata bila dawa ile ya bei kali.

Na kwa kuwa ni adenokasinoma, ulizeni kama kinyama kinaweza kupimwa mabadiliko ya vinasaba, hasa EGFR na ALK. Mwenye mabadiliko hayo ana vidonge vinavyolenga saratani yake moja kwa moja. Kwa mvuta sigara uwezekano ni mdogo, ila si sifuri. Bei ya vidonge hivyo, kama ile ya dawa ya kinga, inazielemea familia nyingi, kwa hiyo ulizeni mapema na mjibiwe kwa takwimu za shilingi.

Tezi siyo kitu pekee kinachoamua. Ukiniuliza ni nini kwenye barua yako kilinipa moyo, ni kwamba baba anaamka alfajiri na kupogoa zabibu mwenyewe. Nguvu za mgonjwa siku ya kuanza tiba zina uzito mkubwa mno. Mtu anayejihudumia na kutembea anavumilia mionzi na kemo kwa pamoja, aliyelala kitandani nusu ya siku mara nyingi hawezi, hata kama tezi zao zinafanana. Kilichonitia wasiwasi ni ule mkanda. Kupungua uzito ni dalili mbaya katika ugonjwa huu, na ndicho kitu mnachoweza kuanza kupambana nacho leo. Uji wa mtama au uwele wenye karanga na maziwa, mayai, kidogokidogo mara nyingi, asisubiri njaa. Mpimeni uzito kila wiki kwenye mzani uleule na mwandike. Na kiberiti cha mfukoni kitoke. Kuacha sigara hata baada ya kugundulika kunasaidia tiba, sijali amevuta miaka mingapi.

M0 nayo iulizieni. Inasema hakuna kilichoonekana mbali na kifua, lakini palitazamwa wapi? Ini na tezi za juu ya figo kwa kawaida huonekana CT ikishuka hadi tumboni. Ubongo unataka picha yake, na kwa hatua ya tatu picha hiyo ni ya lazima kabla ya kuanza wiki sita za mionzi ya kifua.

Kuhusu shamba, maoni yangu ni haya. Msiuze sasa. Zabibu za Hombolo zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na shamba linalozaa linaweza kukodishwa au kuwekewa rehani ya msimu bila kupotea. Kwanza pateni majibu ya tezi na mpango wa tiba ulioandikwa, wenye gharama. Kama baba ana bima, ulizeni inagharamia nini. Kama hana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza kabisa, msisubiri deni lifike. Gharama inayochosha familia nyingi ni ya kuishi Dar wiki sita: chumba, chakula, nauli ya kila siku ya mgonjwa na msindikizaji. Tafuteni ndugu mapema. Safari yenyewe siku hizi si mateso, treni ya SGR inamfikisha asubuhi hiyohiyo akiwa na nguvu. Wenye ndugu Mwanza wanaweza kuuliza hospitali ya Bugando, nako mionzi ipo. Na kabla ya yote ulizeni hospitali ya Benjamin Mkapa hapo jirani ni vipimo gani vinaweza kumalizwa Dodoma.

Baba mdogo msigombane naye. Anampenda kaka yake na anatafuta cha kufanya. Mwambieni akusanye nguvu hizo kwenye zamu ya kumsindikiza mgonjwa. Kama baba ameshaanza kunywa dawa yoyote ya miti, daktari wa kemo aambiwe bila kuona haya, kwa sababu baadhi zinaumiza ini na figo, na kemo inategemea viungo hivyohivyo. Ninachokataa ni safari ya Kondoa itakayokula miezi miwili huku rufaa ipo mkononi.

Swali lako la mwisho ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa nimekaa na ninyi sebuleni. Mwambieni. Baba yako si mtoto, na ameshajua kuna kitu. Aliyeuliza "mbona mnanyamaza" anataka mtu amjibu. Halafu hebu fikiri: mtamshusha vipi kwenye geti la Ocean Road, hospitali ambayo Tanzania nzima inajua inatibu nini, huku mkimwambia ni nimonia? Atajua kabla hajaketi kwenye benchi, na atajua pia kwamba watoto wake walimficha. Baada ya hapo akiambiwa mionzi ni wiki sita atawaamini kwa lipi? Yeye ndiye atakayetia sahihi ya tiba, na yeye ndiye mwenye shamba mnaloligombania.

Namna ya kumwambia ina adabu yake. Asiambiwe na umati. Mama, na wewe, au mtu mmoja anayemheshimu, jioni akiwa ametulia. Muanze kwa kumuuliza yeye anafikiri anaumwa nini, na angependa kujua kiasi gani. Wapo wazee wanaosema, "Niambieni tiba tu, mengine mkae nayo," na hilo ni haki yake, liheshimuni. Akitaka kujua, mwambie: ni saratani, iko kwenye pafu, inashukiwa imefika kwenye tezi za kifua na hilo bado litapimwa, tiba ipo na tunataka kwenda nawe. Takwimu za miaka mitano mwachie daktari, siku atakayoziuliza mwenyewe.

Iwapo mtafika Dar na kuambiwa kwamba lengo haliwezi tena kuwa kuponya, bado kuna kazi ya kufanya. Mionzi ya siku chache inapunguza kukohoa damu na maumivu, na tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso, ina mofini ya maji kwa maumivu na kwa kubanwa pumzi. Iombeni bila woga. Haimfanyi mtu afe mapema.

Mkiwa mnasubiri tarehe, mwangalieni uso asubuhi. Tezi ya kituo cha 4 kulia imekaa kando ya mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi. Ikiubana, uso na shingo vinavimba akiamka, kola ya shati inakaza, mishipa ya kifuani inachomoza. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akikohoa damu nyingi, akipata maumivu makali ya kichwa na kutapika, akichanganyikiwa, au miguu ikianza kulegea. Msisubiri tarehe ya rufaa.

Na mkienda, bebeni CD ya CT pamoja na majibu ya maabara, na muulize maabara kama kipande cha kinyama kilichobaki kinaweza kusafirishwa nanyi. Karatasi peke yake haitoshi. Bingwa atataka kuziona tezi hizo kwa macho yake kabla ya kuamua ipi ichomwe sindano.